Barabara ya njia nne na mtoto wa darasa la pili

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa na nyumbani ni Ilomba. Mwanangu yuko darasa la pili, na shule yao iko ng'ambo ya barabara kuu. Sasa barabara inapanuliwa iwe njia nne, na kila ninayekutana naye anasema foleni itaisha na jiji litapendeza. Mimi usiku silali, nawaza mtoto atavukaje. Kwa utaalamu wako, Mbeya itakuwa pazuri pa kuishi baada ya hapo? Na sisi watu wa kawaida tuna la kufanya, au ni ya wakubwa tu hayo? (Mama wa watoto wawili, Mbeya)

Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili. Miaka yote niliyofanya kazi ya mipango miji, watu huniuliza barabara itakuwa pana kiasi gani, lami itakuwa nene kiasi gani, itakwisha lini. Wachache sana huuliza mtoto atavukaje. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Mji ambao mtoto wa darasa la pili anakwenda shule na kurudi bila mtu mzima kumshika mkono, huo umefika. Mzee atatembea kwa raha, mama mjamzito atatembea, mwenye kiti cha magurudumu atapita, na mfanyabiashara kama wewe atapata wateja wanaosimama.

Niseme mapema kwamba barabara hiyo siipingi. Kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29, kilikuwa kimezidiwa kweli. Malori ya mafuta na shaba ya Zambia na Congo, mabasi ya Dar, Hiace za Mbalizi na Uyole, bajaji na mkokoteni wa viazi vilikuwa vinagombania njia mbili. Na jiji linakua: sensa ya 2012 ilituhesabu 385,279, ya 2022 ikatukuta 541,603. Lakini barabara inayofaa kusafirisha lori hadi Tunduma haijawa bado barabara inayofaa kupita katikati ya watu nusu milioni. Ili iwe hivyo kuna mambo lazima yaongezwe, na mengi ni ya bei ndogo ukilinganisha na lami yenyewe.

Tufanye hesabu ya mwanao, maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Njia moja ya gari huwa na upana wa karibu mita tatu na nusu. Barabara ya zamani ya njia mbili ilikuwa mita saba za kuvuka. Njia nne ni mita 14. Mtoto wa miaka minane, mwenye begi mgongoni, anatembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 14 kufika ng'ambo. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yetu inauruhusu kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Zidisha: ili avuke salama bila gari kupunguza mwendo, mtoto lazima alione gari likiwa umbali wa karibu mita 200 na aamue kwamba nafasi inatosha. Likija kwa kilometa 80, umbali huo unapita mita 300. Mtoto wa umri huo macho anayo, ila akili yake haijakomaa kukadiria mwendo wa kitu kinachomjia. Analiona lori, anaona liko mbali, anakimbia. Kumwambia "angalia kushoto na kulia" ni kumtwika kazi ambayo mwili wake hauiwezi bado.

Sasa weka kisiwa katikati ya barabara, kipande cha zege chenye upana wa mita mbili hivi, chenye ukingo ulioinuka, mahali pa kusimama. Mtoto anavuka mita saba, anasimama, anageuka, anavuka saba nyingine. Ule umbali wa mita 200 unashuka hadi chini ya mita 100, na anaangalia upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kisha shusha mwendo wa magari mbele ya shule hadi kilometa 30. Umbali unakuwa chini ya mita 60. Jambo jingine ni kwamba gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu, dereva akishtuka, litasimama ndani ya mita 14 hivi likiwa kwenye 30, lakini linahitaji kama mita 28 likiwa kwenye 50. Lori lililojaa, kwenye mteremko, na asubuhi yetu ya ukungu wa mwezi wa sita, hesabu yake ni mbaya zaidi. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm 2020 ulisisitiza kilometa 30 pale watu na magari wanapochanganyika.

Basi kisiwa cha katikati, alama za zebra, rasta za kumwamsha dereva na tuta lililojengwa kwa kipimo, ndivyo vinavyoamua mwanao atavukaje. Upana wa lami hauamui peke yake.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui, hata baadhi ya wahandisi hukisahau: kituo cha daladala kiwe upande gani wa kivuko. Nilisimama asubuhi moja kando ya barabara hii hii, karibu na kivuko kilichochorwa vizuri tu. Hiace ikasimama kabla ya zebra, konda akashuka, abiria wakaanza kutelemka. Mama mmoja mwenye ndoo ya maparachichi kichwani akapita mbele ya ile Hiace ili avuke. Hiace ilikuwa imemficha kabisa. Bajaji iliyokuwa nyuma ikachomoka kuipita, na dereva wake akamwona yule mama wakati tairi lilikuwa limeshafika kwenye mstari mweupe. Alifunga breki. Parachichi mbili zilianguka, moja ikapasuka, mama akaokota ile nzima akaendelea. Hakuna aliyesema neno, jambo lenyewe ni la kila siku. Dawa yake ni kusogeza kituo mita kadhaa mbele, gari lisimame baada ya kupita kivuko. Hapo anayevuka anapita nyuma ya daladala, anaonekana na gari linalofuata. Gharama yake ni kusogeza kibao na kuchora upya rangi, ikiwa jambo limefikiriwa kabla zege halijamwagwa. Likimwagwa, inakuwa habari ya bajeti ya mwaka ujao na ujao.

Umeniambia watu wanasema foleni itaisha. Itapungua, kwa muda. Barabara ikipanuka, aliyekuwa akipanda daladala anashawishika kununua gari, aliyekuwa akipita barabara za ndani anarudi barabara kuu, aliyejenga karibu anaona anaweza kujenga Mbalizi au Inyala na bado akafika mjini mapema. Baada ya miaka michache nafasi imejaa tena. Miji ya Marekani imepanua barabara zake kwa miongo mingi na foleni zake bado zipo. Kinachopunguza foleni kwa muda mrefu ni watu wengi kusafiri ndani ya magari machache, na safari fupi kufanywa kwa miguu. Hiace moja iliyojaa inachukua nafasi ya barabara inayokaribia ile ya magari madogo mawili, na imebeba watu zaidi ya kumi na tano.

Dar es Salaam ilianza mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, Kimara hadi Kivukoni, kwenye njia zake yenyewe. Sisi hatujafika huko na sioni haja ya kuharakia. Kwa sasa Mbeya inahitaji mabasi ya ukubwa wa Kosta kwenye mstari huu mrefu wa Uyole hadi Mbalizi, na bajaji zipewe kazi inayozifaa: kuwaleta watu kutoka Isyesye, Ilemi, Iganzo, Itezi na milimani kote hadi vituo vya barabara kuu. Leo bajaji inashindana na Hiace kwenye lami ileile, abiria walewale. Wapo wanaotaka zifukuzwe mjini. Mimi nasema hapana, maana vijana wengi wanakula kutokana nazo, na kwenye vilima vyetu daladala haipandi. Zipewe maegesho yanayoeleweka, karibu na kila kituo kikubwa, nje ya njia ya watembea kwa miguu.

Nikueleze pia kwa nini tatizo hili linauma Mbeya kuliko kwa jirani zetu. Umewahi kufika Iringa? Barabara kuu ya Dar hadi Tunduma inapita chini kule Ipogolo, karibu na mto, na mji wenyewe umekaa juu. Malori yanapita bondeni, na mtu wa mjini anaweza kutembea kutoka Soko Kuu hadi Bustani ya Uhuru bila kukutana na semitrela. Wale waliochagua kilele kile kuweka mji hawakuwa wakifikiria malori, lakini wajukuu wanafaidi. Ipogolo yenyewe ina shida kama yetu, sitaki kuficha. Ila katikati ya mji wa Iringa pana utulivu ambao Mbeya tumeupoteza, kwa sababu jiji letu limejipanga kwenye barabara kuu kama shanga kwenye uzi. Nane Nane, Sae, Ilomba, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, Iyunga: kila shanga iko kwenye uzi uleule, na uzi huo ndio njia ya Zambia. Barabara yetu ni barabara kuu ya kimataifa na ni mtaa wetu wa soko kwa wakati mmoja.

Mchepuo wa kuyapitisha malori nje ya jiji umezungumzwa muda mrefu, na ni lazima ujengwe. TAZARA nayo, reli ya kilometa 1,860 iliyokamilika 1975, inapita hapa hapa. Kila kontena linalorudi relini ni lori moja pungufu mbele ya shule ya mwanao. Lakini wewe hayo hayako mikononi mwako, na mtoto anavuka kesho asubuhi, kwa hiyo turudi chini.

Njia ya watembea kwa miguu. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nisamehe nikirefusha. Katika miji yetu watu wengi hutembea, lakini anayetembea ndiye tunayemjengea mwisho, kwa fedha zilizobaki. Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Nafasi ya kujenga njia nzuri ya miguu ipo. Tunachojenga mara nyingi ni mtaro, tunaufunika kwa mifuniko ya zege, halafu tunasema hiyo ndiyo njia ya miguu. Mfuniko mmoja ukivunjika au ukiibwa nondo zake, njia imekatika. Wewe unaijua mvua ya Mbeya, inaanza mwezi wa kumi na moja na kutulowesha hadi wa tano. Maji ya mlima Loleza yakishuka kwa kasi mtaro ukajaa, lile tundu halionekani, linafanana na dimbwi lolote. Mtu mzima anayelifahamu analiruka. Mtoto na mgeni hawalijui. Kwa hiyo ukisikia wanasema njia ya miguu imekwisha, nenda uitembee yote. Uliza: inapitika na kiti cha magurudumu? Mifuniko yote ipo? Inakatizwa mara ngapi na viingilio vya vituo vya mafuta? Usiku kuna taa inayoangaza njia ya miguu yenyewe, au inaangaza lami tu?

Na miti. Jua letu si kali kama la Dar, hata hivyo mwezi wa tisa na wa kumi vumbi na jua vinachosha. Mti uliopandwa kati ya lami na njia ya miguu unampa mtu kivuli, na kwa dereva unaibana barabara machoni mwake, naye anapunguza mwendo bila kuambiwa.

Najua utaniuliza kuhusu wamachinga, maana wewe ni mtu wa Mwanjelwa. Mwaka 2021 waliondolewa barabarani nchi nzima, na wengi wamerudi kwa sababu mteja anapita barabarani. Mimi huona njia ya miguu isiyo na mtu wa kuuza hata karanga ni njia ya kutisha saa mbili usiku. Ipangwe tu: upande wa ukuta au wa mtaro uwe wa meza, mita mbili kamili ziachwe wazi kwa wanaopita, na mstari uchorwe ardhini. Mgambo na muuzaji wakiwa na mstari mmoja wanaouona wote wawili, ugomvi unapungua sana.

Madaraja ya juu ya watembea kwa miguu? Hilo ndilo jibu la kwanza la kila kiongozi, na ndilo ninaloliogopa. Daraja hilo linamtaka mama mwenye mzigo apande ngazi za ghorofa nzima na kushuka tena ili lori lisipunguze mwendo. Watu wanapita chini yake, kisha wanalaumiwa. Linafaa pale penye mteremko mkali sana ambapo lori halina namna ya kusimama, na hata hapo liwe na njia ya mtelemko badala ya ngazi. Kwingine kote, kivuko kiwe chini, na gari ndilo lipunguze.

Haya si mawazo ya vitabuni. Hapa nchini, shirika la Amend lilitengeneza maeneo yanayozunguka shule za msingi za Dar es Salaam kwa vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu ya kutoka getini, matuta, zebra, nguzo za kuzuia magari, vibao, na geti kuhamishwa kutoka barabara yenye magari mengi. Utafiti uliofanyika kwenye shule hizo ulionyesha watoto walioumia barabarani walipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya Marekani. Kigali, mji wa milima kuliko sisi, ulifunga kwa magari kipande cha barabara katikati ya mji mwaka 2015, na tangu 2016 una siku za kutembea na kukimbia bila magari. Pontevedra kule Hispania, mji mdogo kuliko Mbeya, ulianza 1999 kuondoa magari katikati yake, na watu wakarudi kuishi humo. Ninapoambiwa kwamba haya ni ya matajiri, huwataja watoto wa Dar kwanza.

Kuhusu kupendeza kwa jiji, neno moja tu. Kupendeza kunakodumu huanzia kwenye vitu tulivyonavyo. Iringa walichukua boma la Wajerumani, jengo la zaidi ya karne moja, wakalifanya makumbusho mwaka 2016. Leo ni mahali pa kwenda. Sisi tuna Sokomatola na mitaa yake ya zamani, mifupi, inayotembeleka, yenye nyumba zinazotazama mtaa. Ningekuwa na fedha kidogo ningeanza pale, kabla ya kujenga kipya chochote: njia za miguu pana, miti, taa, na Jumamosi moja mtaa mmoja bila magari. Jiji letu ni mojawapo ya miji iliyoingizwa kwenye TACTIC, mradi wa serikali wa kuboresha miundombinu ya miji, kwa hiyo fedha za barabara za mitaa zinakuja. Kinachobaki ni nani ataulizwa zitumikeje.

Sasa wewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, usafiri wa abiria uko chini ya LATRA, na meza za Mwanjelwa ni za Halmashauri ya Jiji. Mwananchi akienda mmoja mmoja anazungushwa kati ya ofisi hizo nne hadi achoke. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, omba suala la kivuko cha shule liwe ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa, na mwalimu mkuu awepo. Muhtasari wa mkutano wenye mhuri una nguvu kuliko malalamiko ya watu mia. Muulizeni mhandisi wa mradi mambo matatu tu: kivuko cha shule hii kiko kwenye mchoro, mita ngapi kutoka getini? Katikati kuna kisiwa cha kusimama? Kituo cha daladala kiko kabla au baada ya kivuko? Akijibu kwa kunyoosha kidole kwenye mchoro, mmepata mtu. Akijibu kwa maneno, ombeni mchoro.

Wakati mnasubiri, msiwaache watoto wavuke mmoja mmoja. Panganeni zamu, mzazi mmoja kwa siku, watoto wakutane mahali pamoja saa kumi na mbili na nusu wavuke kwa kundi. Kundi linaonekana, na dereva husimama kulipisha kundi. Wewe una cherehani, mama: shona utepe unaong'aa kwenye mikanda ya mabegi yao, ule unaowekwa kwenye fulana za mafundi wa barabara. Kwenye ukungu wa asubuhi dereva atauona mbali kuliko atakavyoiona sweta ya bluu.

Na kabla ya mkutano, fanya kitu kimoja kwa mkono wako. Chukua daftari, simama pale anapovukia mwanao kuanzia saa moja kasorobo hadi saa moja na robo, siku tatu. Andika watoto wangapi wamevuka, kila kundi limesubiri dakika ngapi, na magari mangapi yamesimama kuwapisha. Andika pia waliokimbia. Ukishapata kurasa hizo tatu, niletee, tuiandike barua pamoja.